Kabla ya Winchi, Tengeneza Rejeta

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia ujumbe mfupi: "Kaka, nimekusanya milioni 25. Nataka Prado ya zamani niitengeneze iwe ya porini kama ya kwako. Nianze na ngao au nianze na winchi?" Ngao ni bampa ya chuma ya kukinga mbele ya gari, na winchi ni mashine ya kamba ya kujivutia gari likinasa. Ujumbe huo ulinikuta nimerejea siku ileile kutoka Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, gari likiwa bado limejaa vumbi la majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, na mshale wa joto la injini haukuwa umetikisika safari nzima, kwenda na kurudi. Nilikuwa na furaha kubwa ambayo sioni sababu ya kuificha, maana safari hiyo niliisubiri kwa muda mrefu. Lakini swali la kijana huyo lilinichoma, kwa sababu ndilo hasa nililowauliza watu mwaka 2021, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba swali lenyewe ndilo kosa.

Wakati ule nilikuwa na shilingi milioni 30. Wazo la kuagiza kutoka Japani nilikuwa nimekwisha kuliacha, na kila aliyewahi kufungua kikokotoo cha TRA anafahamu sababu: ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni asilimia 18, juu yake kuna ushuru wa bidhaa, na gari lenye umri mkubwa huongezewa ushuru mwingine kwa ajili ya umri huo. Kodi hizi hazihesabiwi kila moja peke yake, bali inayofuata hupigwa juu ya jumla ambayo imekwisha kubeba iliyotangulia. Ndugu zetu wa Kenya hawana hata nafasi ya kufanya hesabu hiyo, kwa kuwa gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini mwao. Kwa hiyo mtu wa kipato chetu anayetaka Prado ya miaka ya 1990 hununua ile ambayo tayari iko nchini, tayari ina namba, na tayari imepita mikononi mwa watu ambao hutawajua.

Niliipata Arusha, ya mwaka 1998, yenye injini ya dizeli ya lita 3.0 ya 1KZ-TE. Bodi ilikuwa safi, viti havijachanika, na rangi ilikuwa ile ya kijani iliyoiva ambayo mpaka leo ninaipenda. Nilizunguka nayo dakika ishirini mjini, jioni, hali ya hewa ikiwa ya baridi, nikaridhika. Niliilipia 19,500,000, na malipo ya dalali pamoja na kuhamisha umiliki yakachukua 600,000. Zikabaki 9,900,000, na hapo ndipo akili yangu ilipoacha kulitazama gari kama chombo chenye injini ikaanza kulitazama kama picha.

Hesabu zote ninazo mpaka leo kwenye daftari. Springi ndefu na shokapu, 2,400,000. Matairi matano ya 285/75R16 kwa 620,000 kila moja, yaani 3,100,000. Ngao ya chuma ya mbele, 1,300,000. Winchi, 1,700,000. Keria ya kubebea mizigo juu ya paa, 900,000. Taa za mbele, 350,000. Zilibaki 150,000 nikazinunulia mafuta. Msomaji aliye makini ameshaona kwamba katika orodha nzima hakuna hata shilingi moja iliyokwenda kwenye injini, kwenye mfumo wa kupoza maji, kwenye breki wala kwenye mkanda wa taiming, ule unaozifanya sehemu za ndani ya injini zizunguke kwa mpangilio. Sikuona upungufu wowote. Gari lilikuwa limesimama juu, linapendeza, na jirani zangu walikuwa wakitoka nje kulitazama.

Miezi iliyofuata haina la kusimulia. Nilikwenda nalo kazini na kanisani. Safari ya kweli ilikuja mwaka uliofuata, tukiwa magari manne, kutoka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka na mbele yake Natron. Wanaoijua njia ile wanajua ilivyo: mawimbi madogo ya barabara yanayotikisa hadi meno, makorongo makavu yenye mawe, vumbi laini kama unga, na jua la bonde la ufa ambalo ifikapo saa sita mchana halina huruma kwa mtu wala kwa chuma. Tulikuwa tumeipita Engaruka, gari limepakia mahema, maji, jenereta na majiko juu ya keria, nami napanda kilima kwa gia ya pili, ndipo mshale wa joto uliokuwa katikati tangu asubuhi ulipopanda kwa ghafla hadi mwisho. Nilizima injini haraka, lakini nilikuwa nimekwisha chelewa. Moshi mweupe ulikuwa unatoka nyuma, na maji yalikuwa yamechemka hadi kusukuma mfuniko wa rejeta.

Wenzangu watatu walisimama, wakasaidia kusukuma gari kando, wakanipa maji ya kunywa, kisha wakaendelea na safari kwa sababu walikuwa wamelipia kambi. Siwalaumu, ingawa ningesema uongo kama ningedai kwamba haikuniuma. Nilibaki na mke wangu chini ya mti mmoja wa mgunga hadi usiku, tukisubiri gari la kubebea lililotoka Arusha kwa 700,000.

Fundi aliyeifungua injini ile ni mzee aliyetumia zaidi ya nusu ya maisha yake kwenye magari ya utalii. Alinyanyua silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda za injini, akanionyesha nyufa katikati ya valvu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, umemvisha mgonjwa." Halafu akanieleza jambo moja baada ya jingine, na maelezo yake ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote nitakayoyaandika hapa.

Injini ya 1KZ-TE ina bloku ya chuma cha kalibu lakini silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na udhaifu wake unaojulikana na mafundi wengi ni kwamba hedi hiyo haivumilii joto kupita kiasi. Ikichemka mara moja tu vibaya, huweza kupasuka. Mmiliki aliyenitangulia alikuwa akijaza maji ya bomba badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na mtu fulani alikuwa ameing'oa themostati, kile kifaa kinachodhibiti mzunguko wa maji hayo kulingana na joto, kama ilivyo desturi mbaya ya gereji zetu nyingi kila gari linapolalamika joto. Maji matupu yaliota kutu, kutu ikaziba vijia vya rejeta, na klachi ya feni, ile inayotegemea mafuta mazito ya silikoni ili feni ivute kwa nguvu injini inapopata joto, ilikuwa imechoka kiasi kwamba feni ilizunguka bila kuvuta upepo wa maana. Gari katika hali hiyo linaweza kwenda sokoni na kurudi kwa miaka miwili bila kuonyesha dalili, hasa Arusha penye baridi.

Kisha nikaja mimi. Mbele ya rejeta ambayo tayari ilikuwa imeziba nusu niliweka ngao ya chuma, winchi na taa mbili kubwa, nikauzuia upepo mchache uliokuwa umebaki. Matairi niliyoyafunga yana kimo cha karibu inchi 32.8, wakati 265/70R16 yaliyokuwepo yana inchi 30.6, na tofauti hiyo ya asilimia 7 ni sawa na kuzirefusha gia zote, kwa hiyo injini ililazimika kufanya kazi kubwa zaidi katika kila kilima. Juu ya hayo nilipakia chuma na mizigo kwenye paa. Kila nilichokiongeza kwa fahari kilikuwa kinaisukuma injini ile kuelekea kwenye kilima cha Engaruka.

Matairi makubwa yana gharama nyingine ambayo muuzaji hakunitajia. Spidomita husoma pungufu: ukiona 50 kwenye dashibodi, kwa kweli unakwenda karibu 54, na kwenye eneo la makazi hiyo ni faini. Nililipa 30,000 mara mbili kabla sijaelewa. Springi ndefu nazo hubadilisha pembe ya sivi jointi za mbele, viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, kwa kuwa Prado ya aina hii haina ekseli nzima mbele kama Land Cruiser za 70, na ukinyanyua zaidi ya inchi mbili hivi bila kufanya marekebisho mengine, raba zake huchanika mapema na vumbi huingia. Ni lazima pia alaimenti ifanywe upya, la sivyo matairi yale ya laki sita huliwa upande mmoja.

Matengenezo, ukijumlisha na gari la kubebea, yalinigharimu 5,300,000. Silinda hedi mpya peke yake ilikuwa 2,300,000. Kwenye SACCOS nilikopa milioni 4. Winchi niliiuza kwa 900,000, takriban nusu ya bei niliyoinunulia, nikiwa sijaitumia hata siku moja. Na hata kama ingekuwepo, katika sehemu kubwa ya uwanda ule wa Natron hakuna mti wa kuifunga. Laki nne za mwisho alitoa mke wangu kutoka fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya uzio wa kiwanja chetu. Deni la SACCOS nilimaliza kwa miezi kumi na minane. Uzio tulichelewa kuujenga kwa mwaka mzima, na hilo linaniuma kuliko hedi iliyopasuka.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mbeya, na wengine wote mnaoniuliza kuhusu ngao na winchi: katika kila shilingi kumi ulizonazo, sita zinunue gari, mbili zilirudishie uzima, moja iwe akiba isiyoguswa, na moja tu iliyobaki ndiyo ya kulipamba na kuliongezea nguvu. Kwa milioni 25 maana yake ni gari la milioni 15, si la milioni 20 ambalo dalali atakuonyesha kwanza. Milioni 5 za uzima zitumie kabla hujaenda popote: rejeta isafishwe au ibadilishwe, themostati irudishwe, kulanti iwekwe, klachi ya feni, pampu ya maji, breki, boljointi na bushi, na mkanda wa taiming hata kama muuzaji ameapa kwamba ameubadilisha. Dashibodi ya gari hili ina taa ya kukukumbusha mkanda huo, lakini taa hiyo huweza kuzimwa bila mtu kugusa mkanda wenyewe. Usiamini taa iliyozimwa na mtu anayetaka fedha zako.

Tena usikubali kulikagua gari ambalo muuzaji ameshalipasha moto. Mwambie utafika asubuhi na injini iwe ya baridi. Shika bomba kubwa la juu la rejeta. Kama ni gumu, limejaa mgandamizo ilhali gari limelala usiku kucha, kuna jambo kwenye hedi. Fungua mfuniko, washa, tazama maji: mapovu yanayotoka bila kukoma ni gesi ya injini inayopenya mahali isipotakiwa kupita. Maji yakiwa ya rangi ya kutu, umeshajua historia yake yote. Mlipe fundi wako wewe, si wa dalali, laki moja akusindikize. Mimi niliiokoa laki hiyo, na mmeshaona niliilipia kiasi gani.

Jambo jingine ninalolisisitiza ni mshale wa joto wenyewe. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile mshale hukaa katikati ingawa joto linapanda na kushuka, na unapoanza kusogea hatari imekwisha fika. Funga geji ya pembeni inayosoma nyuzi kwa namba. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko tairi moja, na katika gari langu hakuna kitu ninachokiheshimu zaidi.

Tazameni pia magari ya kampuni za utalii hapa Arusha, yale ya 70 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo, yaani pampu ya kusukumia hewa ya ziada kwenye injini. Wanaoyaendesha wanaishi porini, na fedha zao huziweka kwenye springi imara, matairi yenye kuta nene, spea mbili, na feni na rejeta zinazohudumiwa kila baada ya msimu. Kijana anayetaka sifa huanza na kinachoonekana kwenye picha. Mwenye abiria wa kurudisha salama huanza na maji na mafuta. Tunapaswa kujifunza kwao badala ya kuigana sisi kwa sisi.

Gari langu leo lina matairi ya kimo cha kawaida, springi zilezile, keria nyepesi, pampu ndogo ya kujazia upepo na kamba nzuri ya kuvutia. Ngao ipo bado, nimeikata katikati ili upepo upite. Winchi nyingine sijanunua. Imo katika daftari lile, mstari wa mwisho kabisa, chini ya mkanda wa taiming ambao zamu yake inafika baada ya kilometa 8,000 zijazo, na fedha zake nimeshaziweka kando.