Kura nyingi, kiti hakuna?

SWALI: Nauza omena soko la Kibuye, Kisumu. Mteja ananiambia Marekani mtu hupata kura nyingi na bado anashindwa. Nikampimia gorogoro yake nikamwambia aache mchezo. Ni kweli? – Mama Omena

JIBU: Hakukuchezea, mama. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimpita Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni 2, akashindwa. Kule wanaohesabiwa ni wajumbe 538 wa majimbo, ambao ndio humpigia rais kura ya mwisho. Anayefikisha 270 ndiye rais. Karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wote, hata akishinda kwa kura chache.

Sisi rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura, na asilimia 25 katika kaunti 24. Lakini mbunge wako? Kura moja ya nyongeza juu ya anayemfuata, kama ile omena unayomwongezea mteja, inamtosha. Mimi hilo ndilo linaloniudhi.