Maswali ya Wasomaji: Usingizi wa Mlinzi, Pombe Iliyokatwa Ghafla na Kijana Asiyeamka

Swali: Habari, Daktari. Mimi ni mlinzi Industrial Area, zamu ya saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Nikifika Kayole saa moja na nusu nalala fofofo, lakini kufikia saa sita mchana macho yamekauka, silali tena. Usiku natafuna miraa nisisinzie, na bado saa kumi alfajiri usingizi unanishinda. Mke wangu analalamika kwamba nimekuwa mkali. Je, mwili utazoea? *Mlinzi, Kayole*

Jibu: Ndugu yetu, kwa ratiba hiyo hautazoea, na wala si uvivu.

Usingizi unaongozwa na mambo mawili. La kwanza ni adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni tangu unapoamka. Ikizidi unasinzia; ukilala inapungua. Hiyo ndiyo inayokuangusha ukifika nyumbani. La pili ni saa ya mwili: kifungu cha seli za neva zipatazo 20,000 ndani ya haipothalamasi (sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo), juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana. Saa hiyo haijui mkataba wako wa kazi, inafuata mwanga. Adhuhuri inauamuru mwili uwe macho, na kwa kuwa umeshalala kiasi na adenosini imepungua, hakuna kinachokubakisha kitandani. Alfajiri mambo yanageuka: joto la mwili limeshuka kabisa, melatonini, homoni ya usingizi, ingali juu, adenosini imerundikana usiku kucha. Kusinzia hapo ni lazima.

Kinachokuharibia zaidi ni safari ya kurudi. Nairobi jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, yaani linakukuta stejini ukingoja matatu. Mwanga unaoingia machoni wakati huo unairudisha saa ya ubongo kwenye ratiba ya watu wa mchana, kila siku upya. Kwa hiyo vaa miwani ya jua tangu unapotoka getini (ila usiivae ukiwa wewe ndiye unayeendesha pikipiki huku unasinzia). Dirisha lifunikwe kwa blanketi zito au plastiki nyeusi, mpaka ukinyoosha mkono usione vidole vyako. Kama paa ni la mabati, jua kwamba usingizi mzito huhitaji joto la ndani la mwili lishuke, kwa kadiri ya digrii moja hivi. Chumba kikipata moto unaamshwa hata kukiwa giza. Feni ndogo inasaidia kuliko dawa za usingizi za kununua tu dukani.

Usilazimishe kulala mfululizo. Lala saa mbili asubuhi hadi utakapoamka mwenyewe, kisha rudi kitandani saa tisa alasiri hadi kumi na nusu. Alasiri saa ya mwili hulegea kidogo, ndiyo maana hata watu wa ofisini husinzia. Ukiwa kazini, nusu ya kwanza ya zamu kaa penye taa kali; kuanzia saa tisa usiku punguza mwanga kadiri kazi inavyoruhusu. Kama mko wawili, pokezaneni dakika 20 za kujinyoosha. Zikizidi 30 unazama kwenye usingizi mzito na kuamka na kichwa kizito, jambo la hatari kwa mlinzi. Siku za mapumziko lala saa nane usiku hadi saa nne asubuhi. Ukirudia kulala saa nne usiku unaanza upya Jumatatu.

Kahawa na chai ya rangi ni za kabla ya saa sita usiku. Kafeini haipunguzi adenosini, inaziba tu vipokezi vyake, na nusu yake ingali mwilini baada ya muda wa saa tano au sita.

Miraa ni kali zaidi. Kathinoni, kemikali iliyomo, ni jamaa ya amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha: inafanya seli za neva zimwage dopamini na noradrenalini, kemikali zinazoamsha ubongo na mwili. Huharibika majani yakikauka, ndiyo sababu miraa husafirishwa imefungwa kwa majani ya mgomba. Ukitafuna hadi alfajiri unafika kitandani mapigo ya moyo yangali mbio na shinikizo la damu liko juu, hamu ya chakula hakuna. Ikiisha unabaki na uchovu na hasira. Tena, mtu aliyekosa usingizi, sehemu ya mbele ya ubongo hushindwa kuituliza amigdala, kitovu cha hofu na ghadhabu. Ukali anaouona mkeo umetoka hapo.

Swali: Mume wangu amekunywa chang'aa kila siku kwa miaka mingi. Jumamosi aliacha kabisa. Leo Jumatatu anatetemeka, jasho linamtoka, anaona siafu ukutani na kuongea na watu ambao hawapo. Majirani wanasema amerogwa. Wengine wanataka apelekwe Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. *Mama watatu, Kawangware*

Jibu: Dada huyu tulimpigia simu barua ilipofika. Tunachapisha jibu kwa sababu si nyumba yake peke yake.

Hii ni dharura ya hospitali yenye kitengo cha wagonjwa mahututi, sasa hivi. Mathari, ikihitajika, ni baadaye.

Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza neva, na kuibana glutamati inayozichochea. Ikinywewa kila siku, ubongo hujirekebisha: vipokezi vya GABA hufifia, vya glutamati huongezeka. Pombe ikikatwa ghafla, uchochezi unabaki bila breki. Kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huja kati ya saa 6 na 48. Kuchanganyikiwa, homa na kuona yasiyokuwepo hutokea siku ya pili hadi ya nne, na bila matibabu hatua hii huua.

Mwambie daktari bila aibu alikunywa kiasi gani na mara ya mwisho lini. Asipojua atadhani ni malaria. Atampa diazepamu, dawa ya kutuliza neva, na vitamini B1 ya sindano. Vitamini hiyo itangulie dripu ya glukosi au iende nayo, kwa kuwa mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa, na upungufu wake huua kumbukumbu moja kwa moja. Akipatwa na degedege njiani, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, usimtie kijiko mdomoni. Mtazame kwa saa: likipita dakika 5, kila sekunde ni ya kumkimbiza. Msimfunge kamba.

Anayetaka kuacha apangiwe na daktari kwanza. Simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni ya bure.

Swali: Kijana wangu wa miaka 15 hasinzii hadi saa sita usiku na asubuhi haamki. Ni ukaidi? *Mama, Umoja*

Jibu: Sehemu kubwa ni balehe. Umri huo melatonini huchelewa kupanda, pengine kwa muda wa saa moja hadi mbili, ilhali anahitaji kulala kati ya saa 8 na 10. Simu ilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku, pazia lifunguliwe mara tu kunapopambazuka, na Jumamosi asizidishe zaidi ya saa moja na nusu baada ya muda wake wa kawaida wa kuamka. Maji baridi usoni hayaisogezi saa ya ubongo.