Pima mto kwanza, ndipo uchore ua

Foronya zangu sita za kwanza za kudarizi na kuuza zilikwenda Ufaransa kwa mkono wa mama mdogo wa rafiki yangu. Nilikuwa mwaka wa pili wa kusomea kushona hapa Lubumbashi. Nilizikata sentimita 50 kwa 75, kama mito ya nyumbani kwetu Katuba. Kule mito mingi ni ya mraba, 65 kwa 65. Hakuna hata moja iliyoenea. Moja ilifuliwa kwa mashine, digrii 40, uzi mwekundu ukachuja hadi ukaharibu msalaba wa shaba nilioudarizi kwa siku nne. Nililia.

Wadogo zangu mnaosomea kushona, ulizeni kipimo kabla ya kushika penseli. Ujerumani wengi hutumia 80 kwa 80. Kisha fueni kitambaa kabla ya kukikata, maana pamba hurudi. Kata kipande cha sentimita 50, kifue kwa maji ya moto, kianike, upime tena. Changu kilibaki 47! Uzi nao uloweke, uukandamize kwenye kitambaa cheupe. Ukitia doa, usiutumie hata kama ni wa bei nafuu. Andika na namba ya rangi: nyekundu 321 ya DMC, kampuni ya Kifaransa ya nyuzi za kudarizi, ni ileile hapa na Paris, mteja akirudi utampa kilekile.

Kwenye mchoro ndipo roho yangu ilipo. Wengi tunanakili waridi za intaneti, na hizo wenzetu wanazo tele. Sisi tuna msalaba wa shaba wa Katanga, ile fedha ya mababu, na tuna wachoraji wa Hangar, karakana ya uchoraji iliyoanzishwa na Pierre Romain-Desfossés hapa mjini mwaka 1946. Usiibe picha zao, ni kazi za watu. Tazama tu jinsi mmoja wao, Mwenze Kibwanga, alivyojenga mwili wa mnyama kwa vistari vifupi vilivyolala pamoja: ni mishono kabisa! Nilipoanza kujaza maumbo kwa mishono mifupi, nyuzi mbili kati ya zile sita zinazounda uzi mmoja wa kudarizi, pete na kucha ziliacha kuinasa kazi yangu.

Ukiuza Ulaya, lebo inayotaja malighafi ya kitambaa, kama pamba, ni sheria, kwa lugha ya nchi inakouzwa.

Halafu geuza kazi. Mnunuzi wangu wa pili, kabla hajatazama ua, aliipindua foronya, akapitisha kidole juu ya mafundo. Siku hizi sifungi fundo. Napitisha mkia wa uzi chini ya mishono mitatu minne, ndipo nakata.