Maswali ya Wasomaji: Kipindupindu Kisichosikia Azithromaisini

SWALI: Nina duka la dawa Tanga. Nimesikia kuna kipindupindu ambacho azithromaisini haikiwezi. Usugu huo umefikaje huku? Na je, niwape majirani wa mgonjwa doksisaiklini wameze mapema?

JIBU: Ndugu msomaji, usugu huo ulisafiri. Kipindupindu kilichoonekana Yemen 2018 na 2019 kilibeba plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu. Bakteria akigusana na mwenzake humpa nakala ya duara hilo, hata kama mwenzake ni wa jamii nyingine, kama E. koli wa utumboni. Plasmidi hii, ya kundi liitwalo IncC, ina jeni za kuhimili dawa kadhaa zikiwa zimefuatana, kwa hiyo ukitumia mojawapo ya dawa hizo unazipa nafasi jeni zote. Kimelea hicho kilionekana Lebanoni 2022, Kenya 2023, kisha Tanzania na Komoro 2024. Kinahimili dawa 10, zikiwemo azithromaisini na siprofloksasini, mbili kati ya tatu zinazopendekezwa kwa kipindupindu.

Ya tatu ni hiyo doksisaiklini, nayo bado inakiua. Ndiyo maana tunakusihi usiigawe kwa wasioumwa! Vidonge hivyo huua bakteria dhaifu wa tumboni na kuwaacha sugu wakistawi, na jeni ya usugu dhidi yake ikiingia kwenye plasmidi hii, hatutabaki na dawa ya kumeza ya kutegemea. Mgonjwa aliyezidiwa apewe kituoni: mtu mzima miligramu 300, mara moja.

Kinachookoa maisha ni maji. Uza ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, na umsomee mnunuzi pakiti: kuna za lita 1 na za nusu lita. Pakiti ya lita ikikorogwa kwenye nusu lita, chumvi inazidi na inamdhuru mtoto. Chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mkubwa kadiri awezavyo. Akitapika, subirini dakika 10, kisha kijiko kimoja kimoja. Maji ya ORS yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Macho yakidumbukia au akishindwa kunywa, akimbizwe kituoni kwa dripu, huku akinyweshwa njiani kama anaweza kumeza.

Kwa wauguzi: chukueni sampuli ya kinyesi kabla ya dozi ya kwanza, muiweke kwenye Cary-Blair, yaani kihifadhi cha kusafirishia sampuli hadi maabara, na msiitie kwenye friji, baridi hudhoofisha vimelea na maabara haitaotesha kitu.