Muhula wa ughaibuni huamuliwa kabla ya safari

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi na chuo cha nje humjenga mwanafunzi wa Kitanzania, au ni matembezi ya gharama kubwa. Nilisoma muhula wa baridi katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza hapa nyumbani. Kwa maoni yangu humjenga, ila kwa sharti kwamba chuo chake kiyahesabu masomo aliyoyasoma huko, na ridhaa hiyo hutafutwa kabla ya kupanda ndege.

Waasisi wa mipango hii waliliona jambo hilo mapema. Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ulianzishwa mwaka 1987 kwa nchi 11 za Ulaya, na miaka miwili tu baadaye ukaanza kujaribiwa mfumo wa pamoja wa krediti, yaani vipimo vya kazi ya masomo, ili mwanafunzi asirudi kwao akaambiwa aanze upya. Leo, mwanafunzi wa Kitanzania anayekwenda kupitia Erasmus hujaza mkataba wa masomo unaotiwa saini na yeye mwenyewe, chuo anachotoka na chuo anachokwenda. Wengi wetu huichukulia karatasi hiyo kuwa ya kukamilishia maombi ya viza, ilhali ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Uzito wake huonekana wakati wa kurudi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 120. Ujerumani krediti moja ni saa 30, na mwaka ni krediti 60. Sasa chukua kozi ya krediti 5 za Ujerumani: ukihesabu kwa saa unapata krediti 15 za kwetu, ukihesabu kwa sehemu ya mwaka unapata 10. Hesabu zote mbili zina mantiki, na kama hazikuafikiwa mapema, mwanafunzi atabaki akizunguka kati ya mkuu wa idara na ofisi ya mitihani. Alama nazo ni kisa kingine. Kwetu GPA, yaani wastani wa alama, hupanda hadi 5.0, na daraja la kwanza huanzia 4.4, Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, na 5.0 ni kufeli. Mwenzangu aliyenitangulia alirudi na 1.3, alama ya kujivunia, na karani aliyeipokea hati yake akampa pole.

Nasisitiza makaratasi kwa sababu masomo yenyewe yalistahili kuhesabiwa. Katika vyuo vyetu vingi tumezoea majaribio ya katikati ya muhula yenye alama 40 na mtihani wa mwisho wenye alama 60. Kule, katika semina nilizosoma, nilitakiwa kuwasilisha mada mbele ya wenzangu, kisha nichague swali langu mwenyewe, nilijadili na mhadhiri katika saa zake za ofisi, na kuliandikia makala ndefu baada ya mihadhara kwisha. Hakuna aliyenipa swali. Kwa mtu aliyelelewa na maswali ya mtihani wa miaka iliyopita, kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kupata jambo la kuuliza ambalo maktaba haikuwa imelijibu tayari.

Kuhusu maisha sina mengi: baridi huzoeleka, bima ya afya ni lazima, usajili wa makazi hufanywa ndani ya wiki mbili, na Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo unga hununuliwa Jumamosi. Kiswahili hufundishwa Bayreuth, na wanafunzi wa pale walinihoji kuhusu ngeli kwa ukali kiasi kwamba nilikwenda maktaba kuazima kitabu cha sarufi ya lugha yangu mwenyewe.

Kwa anayetaka kuomba, ningependekeza muhula wa kiangazi. Katika muhula wa baridi mihadhara huisha Februari, lakini makala huweza kudaiwa hadi mwisho wa Machi, wakati muhula wetu wa pili umekwisha kuanza, na mwanafunzi hujikuta akitumikia vyuo viwili kwa wakati mmoja. Mihadhara ya kiangazi huanza Aprili na kumalizika Julai, na makala huandikwa wakati wa likizo yetu ndefu. Watakaobanwa ni wale ambao kozi zao zina mafunzo kwa vitendo katika likizo hiyo. Hao wakubaliane na idara tarehe nyingine ya mafunzo, na makubaliano hayo yaandikwe ndani ya mkataba uleule wa masomo.