Nimetubu mara nyingi: nitajuaje kwamba nimeokoka?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Niliokoka nikiwa kidato cha tatu, kwenye mkutano wa wanafunzi. Tangu hapo, kila mhubiri akiita watu mbele, nami natoka, maana naona safari iliyopita sikutubu kwa moyo wote. Kuna dhambi moja nimeitubu na kuirudia. Wakihubiri unyakuo, yaani Yesu kuja kuwachukua walio wake, usiku huo silali. Mhubiri mmoja alisema asiye na amani moyoni hajaokoka. Babu yangu, ambaye ni Mkatoliki, anasema hakuna ajuaye hadi siku ya kufa. Je, mtu anaweza kujua? Na Waebrania sura ya 6, inayosema walioanguka hawawezekani kufanywa upya hata wakatubu, inanihusu mimi? Jumapili wakiita, nitoke tena?

JIBU: Amina, binti yangu. Ndiyo, mtu anaweza kujua. Yohana aliwaambia waamini wazi kwa nini anawaandikia: “ili mjue ya kuwa ninyi mna uzima wa milele, ninyi mnaoliamini jina la Mwana wa Mungu” (1 Yohana 5:13). Shida ni mahali unapoutafuta uhakika huo. Unaipima toba yako: nilimaanisha? Nililia vya kutosha? Upimaji huo hauna mwisho, kwa sababu hakuna mwanadamu ambaye toba yake ni safi kiasi cha kusimama yenyewe mbele za Mungu. Hata machozi yetu yanahitaji damu ya Yesu.

Mtazame Petro usiku ule Bwana alipokamatwa. Pale mezani hakuna aliyekuwa na uhakika kama wake: yuko tayari kwenda gerezani, hata kufa. Uhakika huo ulisimama juu ya nia yake mwenyewe, na haukufika alfajiri. Kijakazi mmoja aliuangusha kando ya moto. Lakini Petro alipokuwa bado hajamkana, Yesu alimwambia, “nimekuombea wewe ili imani yako isitindike” (Luka 22:32). Maombi yalitangulia anguko. Bwana alijua Petro atamkana kabla jogoo hajawika, akamwombea hata hivyo, tena akampa na kazi ya kufanya akisharudi: kuwaimarisha ndugu zake. Petro alilia kwa uchungu, ndiyo, lakini aliyemshika asipotee ni yule aliyemwombea. Namshukuru Mungu kwamba Luka alituhifadhia maneno hayo, maana nisingejua niwaambie nini watu wanaonijia wakiwa wameanguka. Na Mwombezi huyo hakuwa wa Petro peke yake. “Na kama mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba, Yesu Kristo mwenye haki” (1 Yohana 2:1). Hayo aliandikiwa mtu aliyekwisha kuamini, ambaye Yohana anamwita mtoto.

Kwa hiyo ukiirudia dhambi ile, usianze kuokoka upya. Iungame kama mtoto mbele ya baba yake, kwa jina lake, bila kuipamba, kisha uiache na kila kinachokurudisha huko. Sikupi ruhusa ya kutenda dhambi. Anayeishi ndani ya uovu kwa raha, hana nia ya kutoka, akijituliza kwa sala aliyoongozwa miaka iliyopita, huyo mimi simpi uhakika wowote. Na asome Mathayo 7:21 hadi 23, ambapo Yesu anawakana waliomwita Bwana huku wakitenda maovu, atetemeke. Wewe unatetemeka tayari. Unaichukia dhambi yako, unamtaka Kristo, unahangaika usije ukatengwa naye. Moyo uliokufa hauna hangaiko la namna hiyo.

Ndiyo maana Waebrania 6 siioni kama hukumu yako. Mwandishi anawasema watu walioujua ukweli kisha wakamkataa Mwana wa Mungu, wakamfedhehi kwa dhahiri. Ni onyo zito, na tusilipunguze. Lakini katika sura hiyohiyo, mstari wa 9, anawageukia wasomaji wake na kuwaita wapenzi, akisema anatumaini mambo yaliyo mazuri zaidi juu yao.

Kuhusu amani moyoni, mhubiri yule alikutwisha mzigo ambao Maandiko hayakutwishi. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alipata uhakika wake jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo barabara ya Aldersgate, London, akiwa tayari ni kasisi kwa karibu miaka 10. Jioni hiyohiyo, kwa maandishi yake mwenyewe, adui alimnong'oneza kwamba hii haiwezi kuwa imani, kwani furaha yako iko wapi? Basi hata yeye! Roho hushuhudia pamoja na roho zetu (Warumi 8:16), na ushuhuda huo ni mtamu sana unapokuja, lakini kuna siku husikii kitu. Siku hizo Neno halibadiliki: “wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe” (Yohana 6:37). Hakusema ajaye kwa amani, au ajaye kwa toba kamili.

Babu yako usimdharau. Anasema kile ambacho Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulifundisha mwaka 1547, kwamba bila ufunuo wa pekee mtu hawezi kujua kwa hakika isiyokosea kuwa yumo katika neema, ingawa Wakatoliki nao wanafundishwa kuitumainia rehema ya Mungu kwa nguvu. Sisi Walutheri tunasema ahadi ya Kristo inatosha kushikwa kwa hakika leo. Kama mtu aweza kuiacha imani baadaye, hapo sisi na ndugu zetu wa mapokeo ya mwanamatengenezo Calvin, kama Wapresbiteri, hatukubaliani, na sitaumaliza mjadala huo hapa.

Jumapili wakiita, baki umekaa. Mshukuru Mungu kwamba alikusikia mara ya kwanza. Meza ya Bwana ikiandaliwa, nenda ukale. Pale unaambiwa wewe, ukipokea kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba mwili umetolewa kwa ajili yako. Kisha mtafute mama mmoja mwenye hekima na mdomo uliofungwa, umweleze dhambi ile kwa jina, akuombee na kukuuliza kila wiki. Na ikiwa hofu imeanza kukunyima chakula na usingizi siku nyingi, nenda pia hospitali. Wasiwasi unaweza kuwa ugonjwa kama mwingine, na kutibiwa si upungufu wa imani.