Mtathmini akikuuliza hali, usijibu "sijambo"

Simu iliita saa nne asubuhi, mwaka 2022. Mume wangu alikuwa kwenye kochi, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto, na mimi pembeni yake na daftari mapajani. Tulikuwa tumeomba PIP, posho ya ulemavu ya serikali ya Uingereza, na aliyepiga alikuwa mtathmini wake. Mwanamke huyo mwenye sauti ya upole akamuuliza anaendeleaje leo. Mume wangu akajibu kama alivyolelewa na marehemu mama yake kule Tanga: niko salama, namshukuru Mungu. Baada ya wiki sita ikaja bahasha ya kahawia. Pointi sifuri, yaani hapati posho. Nilipoomba nakala ya ripoti nikakuta, mwanzoni kabisa mwa maelezo, kwamba mhusika alisikika mchangamfu na mwenyewe alisema yuko salama.

Miezi minane kabla ya simu ile alikuwa amepigwa na kiharusi. Miaka 11 aliendesha basi hapa Leicester, na asubuhi moja upande wote wa kulia ukagoma.

Nawaandikia Waswahili wenzangu walioko Uingereza ambao nyumbani wana mgonjwa, mtoto mwenye ulemavu au mzazi asiyejiweza. Sisi tuna adabu ya kusitiri. Mtu ana homa siku ya tatu, ukimsalimia anakujibu "sijambo, ila homa tu". Shida huja baada ya salamu, tena ikiwa imepunguzwa. Nyumbani hilo halina madhara, kwa sababu kila mtu anajua kusikiliza kinachofuata baada ya "ila". Mtathmini hajui. Ana orodha ya maswali na kompyuta mbele yake. Akisikia "salama" anaandika salama.

Na mfumo wenyewe haukujengwa kwa ajili ya kukutafuta ulikojificha. Bajeti ya Juni 2010 ilipopangwa, serikali ya wakati ule ilitaka kupunguza asilimia 20 ya matumizi ya posho ya ulemavu kwa watu wenye umri wa kufanya kazi. Ikapita sheria ya mwaka 2012, na kuanzia Aprili 2013 posho ya zamani, DLA, ikaanza kuondolewa kwa watu wazima na kuletwa PIP yenye pointi na tathmini. Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za watu wenye ulemavu ilichunguza makato ya miaka ile, ikasema haki zao zimekiukwa vibaya au kwa namna ya kimfumo. Serikali ilikataa matokeo hayo. Ukilijua hili hutashangaa fomu inapokuuliza jambo moja mara tatu.

PIP inaangalia shughuli 10 za maisha ya kila siku: kuandaa chakula, kula, kufuata matibabu, kuoga, kwenda msalani, kuvaa, kuzungumza, kusoma, kuchangamana na watu, na kupanga matumizi ya pesa. Kisha kuna 2 za mwendo, ambazo huhesabiwa peke yake. Pointi 8 zinakupa kiwango cha kawaida, 12 kiwango cha juu. Haijali jina la ugonjwa wako. Inajali nini huwezi kufanya, zaidi ya nusu ya siku zako.

Neno "kuweza" ndilo lililotuponza. Kisheria, unahesabiwa kuwa unaweza jambo pale tu unapolifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila linapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule wa mtu asiye na ulemavu. Likikosekana moja kati ya hayo manne, huwezi. Laiti ningelijua hilo kabla ya simu ile.

Kwa mfano, chai. Mtathmini alimuuliza kama anaweza kujitengenezea kinywaji cha moto. Akasema ndiyo. Ni kweli, aliwahi kujaribu. Nilikuwa nimetoka kwenda dukani, akanyanyua birika la umeme kwa mkono wa kushoto, likamponyoka, maji yakamwagikia paja. Hakuniambia. Alivaa msuli mwingine akakaa kimya, na mimi nikagundua siku ya pili usiku, nilipoona kitambaa kimegandana na ngozi. Mtu huyo ndiye aliyejibu "ndiyo". Hakuwa anadanganya. Alikuwa anailinda heshima yake mbele ya mwanamke asiyemjua.

Kula ndiko kugumu kuliko yote. Tumekuzwa kula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto tunajua kazi yake. Tangu kiharusi anakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na nyama namkatia mimi. Wageni wakija husema ameshakula. Nami kwa miezi mingi nilimsaidia kusema hivyo, nampakulia baadaye chumbani mlango ukiwa umefungwa. Kwenye fomu ya kwanza, penye swali la kula, tuliandika "hana tatizo". Kumbe kukatiwa chakula kumetajwa kwenye sheria yenyewe, na kuna pointi 2.

Kwa hiyo unapojaza, usiandike "anavaa kwa shida". Shida ni neno tupu. Andika: suruali na soksi namvalisha mimi, shati anavaa mwenyewe kwa dakika 20, vifungo vya juu hafungi, na wiki iliyopita alianguka mara moja akitafuta mkono wa shati. Mimi niliweka daftari la wiki mbili mlangoni mwa friji. Kila alipohitaji msaada niliandika saa na jambo. Mwisho wa wiki ya kwanza nililisoma nikalia, kwa sababu nilikuwa sijawahi kujua kwamba usiku mmoja naamka mara tatu. Mazoea huficha kazi. Daftari linaitoa.

Mambo mengine nayapitia haraka. Omba mkalimani wa Kiswahili kama mgonjwa anakifahamu Kiingereza kwa kubahatisha, na usimpe mtoto wako kazi hiyo. Hakuna mtoto anayepaswa kumtafsiria baba yake habari za choo. Omba tathmini irekodiwe. Kaa naye, una haki ya kuwepo. Piga nakala ya kila karatasi kabla ya kuituma. Ukikataliwa, una mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na ukikataliwa tena, mwezi mwingine wa kwenda kwenye mahakama ya rufaa za benefiti, yaani posho za serikali. Ni bure, huhitaji wakili, na Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, husaidia kuandika maelezo. Watu wengi huishia kwenye kukataliwa kwa pili kwa uchovu. Tafadhali usiishie hapo, maana wengi wanaofika mbele ya jopo la mahakama hiyo kwa suala la PIP hushinda.

Jopo letu lilikuwa la watu watatu: jaji, daktari, na mjumbe mwenye uzoefu wa ulemavu. Daktari ndiye aliyeuliza, polepole, "Nani anakukatia nyama?" Mume wangu akatazama meza. Akanitazama mimi. Akasema, "Mke wangu." Nadhani lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli tangu augue. Akapewa pointi 10.

Sasa tuseme habari za mlezi, kwa sababu sisi wanawake hatujiiti hivyo. Tunasema namwangalia mume wangu, namwangalia mama. Lakini kama unamhudumia mtu anayepata PIP ya maisha ya kila siku kwa saa 35 au zaidi kwa wiki, kuna posho inayoitwa Carer's Allowance. Kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki. Gawa kwa saa 35 upate pauni 2.38 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima mwaka huohuo kilikuwa pauni 12.21. Bado iombe, kwa sababu inakuhesabia pia michango ya pensheni yako ya uzeeni.

Uwe macho na mshahara. Mwaka ule wa fedha, kikomo kilikuwa pauni 196 kwa wiki baada ya kodi na makato yanayoruhusiwa. Ukizidisha hata pauni 1, unapoteza posho yote ya wiki hiyo. Dada mmoja ninayemfahamu alikubali zamu mbili za ziada jikoni kwenye nyumba ya wazee, akaendelea kulipwa posho, hakuna aliyemwambia kitu, na deni likaja baada ya miaka. Mwaka 2024 habari za walezi wa namna hiyo zilijaa magazetini, hadi serikali ikamteua Liz Sayce aongoze uchunguzi wa madeni hayo. Wewe toa taarifa wiki hiyohiyo, weka hati zako za mshahara, andika tarehe na saa ya kila simu uliyopiga.

Wifi yangu aliposikia habari ya posho alinipigia kutoka nyumbani. Akasema, "Kwa hiyo wifi, huko mnalipwa kwa kukaa na waume zenu?" Hakuwa na ubaya. Lakini maneno yale yalinikaa kifuani, kwa sababu hapa pia nilikuwa nimeyasikia, kwa Kiingereza. Miaka mingi magazeti ya hapa yamewaita wanaopokea benefiti wavivu na matapeli, na watu wakazoea kumtazama jirani wakimpima: huyu kweli anaumwa? Takwimu za serikali yenyewe kuhusu PIP zimeonyesha udanganyifu wa chini ya asilimia 1. Hilo halikumzuia jirani mmoja kumwambia mwanangu kwamba amemwona baba yake akitembea kwenda msikitini "vizuri tu".

Kuanzia siku hiyo mume wangu aliacha kwenda msikitini. Zile hatua zilikuwa ndiyo dawa yake. Mtaalamu wa viungo alimsihi atembee kila siku, apumzike kwenye ukuta wa shule, aendelee. Akaogopa kwamba mtu atampiga picha, apeleke ofisini, pesa ikatwe. Miezi mitano alikaa ndani, mguu ukakaza. Fimbo haikutosha tena, ikabidi tuombe kiti cha magurudumu. Ninaposikia watu wakisema maneno tu hayavunji mfupa, nakumbuka mguu ule.

Kwetu nako tuna lugha zetu. Kalogwa. Kapigwa na upepo mbaya. Ni mkosi wa ukoo. Mama mwenye mtoto asiyezungumza anaacha kumleta harusini kwa sababu ya macho, kisha watu husema anamficha. Mgeni ukija kwetu, mpe mume wangu mkono wa kushoto anapokupa wake wa kushoto, na ukae ule naye.

Machi 2025 hofu ilirudi. Serikali ya chama cha Labour, waziri wa kazi na pensheni akiwa Liz Kendall, ilipendekeza kwamba ili upate PIP ya maisha ya kila siku jumla haitoshi. Lazima upate angalau pointi 4 katika shughuli moja. Nikachukua kalamu. Mume wangu ana 10, zote mbilimbili: kupika 2, kula 2, kuoga 2, msalani 2, kuvaa 2. Mtu asiyeweza kukata nyama, kuvaa suruali wala kujiogesha chini ya kiuno angeambiwa hahitaji msaada. Pauni zake 73.90 zingeondoka, na zangu 83.30 zingezifuata, kwa sababu zimefungwa pamoja. Pauni 157.20 kwa wiki.

Karatasi ile ile ya hesabu niliipeleka kwa mbunge wetu siku anayoonana na wananchi. Sikuenda na hotuba. Walezi wengi nchini walifanya kama hivyo, na wabunge zaidi ya 120 wa chama tawala walitia saini kuupinga muswada uliobeba pendekezo hilo. Tarehe 1 Julai 2025, mjadala ukiendelea, Stephen Timms, waziri wa masuala ya ulemavu, alisimama akatangaza kwamba kifungu kile kinaondolewa, na kwamba PIP itapitiwa upya kwanza. Muswada ulivuka usomaji wa pili kwa kura 335 dhidi ya 260. Nyongeza ya afya kwenye Universal Credit, posho ya wenye kipato kidogo, ilikatwa kwa waombaji wapya wengi kuanzia Aprili 2026, kutoka kama pauni 97 kwa wiki hadi kama 50. Ndiyo maana nawaambia wanaochelewesha kuomba kwa aibu: aibu hiyo ina gharama.

Jambo moja la tahadhari kubwa. Kama viza yako imeandikwa kwamba huruhusiwi fedha za umma, usiombe PIP wala Carer's Allowance kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Zote zimo kwenye orodha ya fedha hizo na unaweza kuharibu makaratasi yako. Lakini tathmini ya mlezi, inayoangalia msaada unaouhitaji wewe unayehudumia, na inayofanywa na kaunsili chini ya sheria ya mwaka 2014, haimo humo. Unaweza kuiomba.

Fomu yetu ya mapitio imefika wiki iliyopita, iko mezani chini ya bakuli la matunda. Jana baada ya Isha tulifungua ukurasa wa chakula. Nikamuuliza niandike nini. Alikaa kimya kidogo, akasogeza mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akasema nianze na ile siku ya birika.